Muhula Uliopunjwa

Mwenye mizani mbovu katika soko la Arua hana pa kujificha. Maofisa wa Shirika la Viwango la Taifa wakipita, mizani isiyo na muhuri wao huchukuliwa, na mama aliyekuwa akiwapimia watu karanga hurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama kilichopungua ni gramu chache, hata kama mwenyewe hakujua. Aliyelipia kilo apewe kilo. Sina ugomvi na sheria hiyo. Nimezaliwa Manibe katika nyumba ya wachuuzi, na neno tuliloliogopa kuliko tusi lolote lilikuwa kupunja.

Sasa naomba nijibiwe: ni ofisa gani anayepita na muhuri wake katika vyuo vikuu vya umma?

Maana kipimo kipo, na si siri. Muhula wa chuo kikuu hapa Uganda ni wiki 17: wiki 15 za kufundisha na 2 za mitihani. Yuniti moja ya krediti ni saa 15 ambazo mwalimu na mwanafunzi wamekaa pamoja kwa kazi ya somo. Saa 1 ya mhadhara inahesabiwa saa 1. Saa 2 za maabara au za mazoezi zinahesabiwa saa 1. Somo la yuniti 3 ni saa 45. Mwanafunzi mwenye masomo matano ya namna hiyo anadai saa 225 kwa muhula. Nasema anadai, kwa sababu karo imelipwa, risiti ipo, na hakuna risiti isiyo na deni upande wa pili.

Binti yangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha umma ng'ambo ya daraja la Pakwach. Jina la chuo silitaji, kwa kuwa ninayoyasema hayahusu chuo kimoja. Muhula uliopita ufunguzi uliahirishwa mara ya kwanza, ukaahirishwa mara ya pili, kwa tangazo la mistari mitatu lililotumwa usiku kwenye simu. Siku alipofika hosteli akanipigia.

"Baba, walimu hawaingii darasani."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue."

Nilimwambia anunue daftari la kurasa 48, apige mistari, aandike kila saa atakayofundishwa: tarehe, somo, mwalimu alipoingia, alipotoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na najua kwamba kisichoandikwa siku yake, kesho yake hubishaniwa. Aliandika. Mgomo wa wahadhiri ulipoisha mihadhara ikaenda kama gari lililokata breki, kisha mitihani ikawekwa tarehe ileile iliyopangwa tangu awali, eti ratiba ya mahafali isivurugike. Masomo matano yalipata saa 28, 31, 24, 33 na 19. Jumla 135. Zilizotakiwa ni 225.

Saa 90 zimekwenda wapi? Kwenye karatasi ya matokeo hazikupungua hata moja. Kila somo limeandikwa yuniti 3, yuniti 15 zote kamili, na muhuri wa chuo umegongwa juu yake. Hata lile somo la saa 19, ambalo kwa hesabu ya darasa la nne halifiki yuniti 1 na nusu, limeandikwa 3.

Nililipa shilingi 1,200,000 kwa muhula ule. Gawanya kwa saa 225, kila saa ni zaidi kidogo ya shilingi 5,300, ambazo huku kwetu ni kama ujira wa mtu anayeinama shambani kwa palizi kutwa. Saa 90 ni shilingi 480,000. Mama anayeuza karanga amenyang'anywa mizani kwa gramu chache. Waliochukua siku 90 za palizi wamevaa majoho, na wamepigiwa makofi.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia mkutanoni kutoka kwa msomi mmoja ninayemheshimu. Alisema elimu ya juu haipimwi kwa saa, kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anatakiwa kujisomea, na kwamba kuhesabu saa ni fikra za kiwandani. Sehemu ya maneno yake ni kweli, na inastahili jibu la kweli. Kipimo hiki hakikuzaliwa darasani. Kilitoka Marekani mwaka 1906, wakati wakfu wa tajiri wa chuma Andrew Carnegie ulipokuwa ukigawa pensheni kwa maprofesa. Ili kujua chuo kipi ni chuo kweli, wakfu ulitaka wanafunzi wanaoingia wawe wamesoma sekondari kwa saa zinazohesabika, na vyuo vilivyotaka pensheni vikakubali. Mwaka 2015 watu wa wakfu huohuo waliandika ripoti wakikumbusha kwamba yuniti hiyo haikuundwa kupima kiasi ambacho mtu amejifunza. Naam. Mtu anaweza kukaa saa 45 akatoka mtupu, na mwingine akaelewa yote kwa saa 10.

Lakini kama saa si kitu, ziondoeni kwenye karatasi. Andikeni kipimo kingine, mtueleze, tukikubali tuwalipe kwa hicho. Huwezi kuniuzia kwa kilo, kisha nikirudi kulalamika kwamba zimepungua uniambie chakula hakipimwi kwa uzito bali kwa shibe. Na huyo anayeambiwa ajisomee, ajisomee wapi? Hapa Manibe umeme ni wa kukatika. Kitabu cha takwimu kinauzwa bei ya mbuzi. Kujisomea kunafaa pale mwalimu alipokwisha kukupa ramani, na kazi ya kutoa ramani ndiyo zile saa 45.

Tuliwahi kuonja kujisomea huko. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya korona. Oktoba wakarudishwa wa mwaka wa mwisho peke yao, wengine wakasubiri hadi 2021. Juni 2021 milango ikafungwa tena, ikafunguliwa Novemba. Vijana wa Manibe, wa Koboko, wa Maracha walikaa nyumbani wakiambiwa masomo yanaendelea kwenye mtandao, nao wakitembea kilomita kadhaa hadi kwenye kichuguu ambako simu inashika. Silaumu mtu kwa ugonjwa. Ninacholaumu ni kilichofuata: mihula miwili ikasukumwa ndani ya nafasi ya mmoja, mapumziko yakawa ya siku chache, wiki 15 zikafinywa, na tukaambiwa hiyo ni dharura. Miaka imepita. Korona imeondoka, dharura imebaki na imepewa kiti.

Kuna jambo ambalo waandishi wa kalenda za vyuo hawalioni wakiwa Kampala, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kalenda ya masomo ni kalenda ya ghala langu. Huku kwetu West Nile mvua kubwa huanza karibu na Aprili, na kiangazi kinakaza Desemba hadi Machi. Karanga na maharage ya msimu wa kwanza tunavuna Julai na Agosti. Simsim, mtama na muhogo ni za mwisho wa mwaka, na vikundi vyetu vya akiba hugawana fedha Desemba. Chuo kikifungua Agosti nina karanga. Muhula wa pili ukianza Januari nina mgao wa kikundi na simsim. Hivyo ndivyo watoto wa wakulima wa huku wamesomeshwa: mavuno na muhula vikikutana njiani.

Sasa sogeza ufunguzi kutoka Agosti hadi Oktoba kwa tangazo la usiku. Karanga nimekwisha kuuza Agosti ile, kwa bei ya chini, kwa sababu kila mzazi wa Arua anauza wiki hiyohiyo, na fedha ziko ndani ya nyumba. Mtoto mwingine anaugua. Paa linavuja. Shemeji anafiwa. Ukifika Oktoba, fedha zimeyeyuka. Sogeza muhula wa pili hadi Aprili, mwezi wa kupanda, ambapo hata mbegu tunakopa, na utaona mzee anauza kipande cha ardhi ya ukoo ili mtoto apate kibali cha kuingia kwenye mtihani. Ardhi hairudi. Chuo kikirekebisha kalenda mwaka unaofuata, ile ardhi haisikii.

Halafu nauli. Kutoka Kampala hadi Arua ni kama kilomita 480. Mwanafunzi akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mgomo, akaitwa baada ya wiki mbili, akarudishwa tena, amelala kwenye mabasi usiku mara tatu. Mwaka 2024 daraja la Karuma kwenye njia hiyo lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi yalizunguka njia ndefu na nauli ikapanda. Kufungwa kwa daraja lile kulitangazwa mapema, na wenye mabasi walijipanga. Wahandisi wa barabara waliweza kutuambia ni lini tutashindwa kupita. Seneti ya chuo kikuu, yenye maprofesa wa hisabati, inashindwaje kutuambia muhula utaanza lini?

Nisieleweke vibaya juu ya wahadhiri. Siko kinyume chao hata kidogo. Mwalimu asiyelipwa anayo haki ya kuweka chaki chini; nami niliiweka siku zangu. Tarehe 1 Novemba 2016 Rais Museveni alipokifunga Chuo Kikuu cha Makerere, wahadhiri walikuwa wamegoma kudai malimbikizo ya marupurupu yao, na chuo hakikufunguliwa hadi Januari. Jirani zetu Wakenya mwaka 2025 walikuwa na mgomo wa siku 49, Septemba 17 hadi Novemba 5, kwa madai ya shilingi za Kenya bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Deni la miaka minane! Serikali inayokaa na deni la mwalimu miaka minane ndiyo iliyoanza kupunja, na mwanafunzi ni wa mwisho kwenye foleni ya waliopunjwa.

Ila mgomo ukiisha, saa zake zinakwenda wapi? Wiki 7 kati ya 15 hazirudi kwa kuongea haraka. Kinachoniudhi ni kwamba makubaliano ya kurudi kazini huandikwa kwa makini juu ya kila shilingi, ipi italipwa lini na kwa awamu ngapi, na mimi sijawahi kukuta ukurasa unaosema saa zipi zitafundishwa lini. Serikali imekaa mezani, chama cha wahadhiri kimekaa mezani. Kiti cha mwenye saa hakipo.

Watu wa Arua wana haki ya kusema hivi kwa sauti kubwa, maana chuo kikuu hatukupewa kama peremende. Kwa miongo mingi mtoto wa West Nile aliyetaka shahada ya chuo cha umma alivuka Nile. Chuo Kikuu cha Muni kilianzishwa 2013, kikawa chuo kikuu cha kwanza cha umma katika eneo letu, na marehemu Profesa Christine Dranzoa, mwanasayansi wa wanyamapori na mwana wa eneo hili, akakiongoza tangu mwanzo hadi alipofariki 2022. Wapo wanaomkumbuka akisimamia ujenzi mahali palipokuwa na nyasi. Kutoka Manibe ni mwendo mfupi tu wa bodaboda. Chuo kilichopatikana kwa jasho namna hiyo hakifai kurithi tabia mbaya za vyuo vikongwe, na wanyonge wa kwanza kuumia zikirithiwa tutakuwa sisi.

Fikirieni wauguzi. Muni kinafundisha shahada ya uuguzi, na hospitali yetu kubwa ni ile ya Rufaa ya Arua, inayopokea wagonjwa wa wilaya zote za West Nile, wakimbizi wa Rhino Camp na Imvepi, hadi wagonjwa wanaovuka mpaka kutoka Kongo. Yuniti moja ya mazoezi ni saa 30 wodini, kwa ile hesabu ya mbili kwa moja. Katika saa hizo ndipo kijana anajifunza kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyeishiwa maji, na kusikia kwamba pumzi ya mzee imebadilika kabla mashine haijasema. Chuo chochote nchini kikimpa saa 15 na kuandika 30, tofauti hiyo haitamlipisha mhadhiri wala msajili. Itamlipisha mama anayejifungua saa nane za usiku. Ndiyo maana nashindwa kuvumilia wanaponiambia haya ni mambo ya karatasi.

Na karatasi yenyewe inasafiri. Sisi tunaoishi hapa hatuishi katikati ya nchi. Tunaishi kwenye pembe ya nchi tatu. Kutoka Koboko ukienda kaskazini unaingia Sudan Kusini, magharibi ni Kongo, ambako Aru na Ariwara ni masoko yetu ya kila wiki. Kuna kijana aliyeanza masomo Juba akakimbia vita, yuko kambini na karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni. Kuna wa Kongo, ambako vyuo vimeacha ule mfumo wa kale wa graduat miaka 3 na licence miaka 2, wakaingia kwenye mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) wenye krediti 60 kwa mwaka. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu krediti 120 kwa mwaka, kila moja ikiwa saa 10 za juhudi yote ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Sisi tunahesabu saa 15 za ana kwa ana. Vipimo vitatu, na neno ni moja: krediti.

Wakubwa wetu wameliona hilo. Mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu wa Afrika Mashariki ulipitishwa 2015. Mei 2017, mjini Dar es Salaam, marais walitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina ofisi zake hapohapo Kampala. Sudan Kusini ilijiunga na jumuiya 2016, Kongo 2022. Hati ni nzuri. Lakini mtoto wa Ariwara akileta krediti zake ng'ambo hii, anaambiwa aanze mwaka wa kwanza. Babu zetu walikuwa na pishi na kibaba, na kila mtu pwani hadi bara alijua vibaba vinne ni pishi moja. Walikuwa hawana mabaraza wala mikutano ya hoteli. Sisi tuna vyote hivyo, na hatuna jedwali moja la kugeuza krediti ambalo msajili wa chuo analazimika kulifuata.

Hata jedwali likija, litageuza nini? Ukibadilisha yuniti 3 za kwenye karatasi kuwa krediti za Dar es Salaam, wakati ndani yake mna saa 19, umehamisha uongo tu, ukaupa pasipoti. Kwanza pishi lijae.

Ninachotaka kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya 2001 kusimamia jambo hilihili, ni hiki. Baraza hukagua mitaala kabla ya kuidhinisha, hukagua maktaba, hukagua shahada za walimu; likague pia saa zilizofundishwa. Kila mhadhara uwe na daftari linalotiwa saini na mwalimu na kiongozi wa darasa. Mwisho wa muhula chuo kibandike ukutani, somo kwa somo: zilizotakiwa, zilizofundishwa. Somo lisilofikia saa zake mtihani wake usifanywe hadi zifikiwe, na kama mahafali yatasogea, yasogee, joho halichachi. Kama chuo hakiwezi kuzifikia, kiandike yuniti zilizotolewa kweli na kirudishe karo ya zilizobaki. Najua fedha hazitarudi kirahisi. Lakini siku mhasibu mmoja tu wa chuo atakapolazimika kuandika hundi ya shilingi 480,000 kwa mkulima wa Manibe, kalenda za vyuo vyote zitanyooka.

Na tarehe. Vyuo vya umma vikubaliane tarehe moja ya kufungua, Agosti, itangazwe miaka miwili kabla, isiguswe ila kwa janga. Wanaosema seneti zina uhuru wake kisheria, nakubali: ziwe huru kuamua kinachofundishwa na namna ya kukifundisha. Uhuru wa mchuuzi kupanga bei yake haujawahi kumpa ruhusa ya kutengeneza kilo yake.

Wazazi wenzangu wa Manibe, wa Oluko, wa Koboko, mnaokaa kimya kwa kuwa hamkusoma hadi huko juu: hesabu hii haihitaji shahada. Mpeni kila mtoto daftari. Muhula ukiisha kaeni naye chini ya mwembe, mjumlishe. Msimwache kiongozi wa wanafunzi peke yake aende kuuliza, kwa sababu yeye watamtisha kwa kumfukuza. Mzazi hafukuzwi.

Daftari la binti yangu liko mezani kwangu ninapoandika. Kurasa 48, zilizojaa ni 21. Agosti nitapanda basi naye, tutavuka Pakwach, na nitakapofika kwenye dirisha la karo nitaweka juu ya meza vitu viwili pamoja, fedha za karanga na hilo daftari, nimwombe ofisa atie saini kando ya kila mstari: 28, 31, 24, 33, 19.